Dubu Aliyemuuliza Uli Baba Yake

Mpo mliokaa?

Tupo, tumekaa!

Niseme au nilale?

Sema, usingizi utasubiri!

Basi, kaskazini ya mbali, kwenye milima ya theluji, aliishi mungu kijana aitwaye Uli. Wengi hamjamsikia. Alikuwa hodari wa upinde, na akifunga mbao zake miguuni huteleza juu ya theluji, chwaaa, hata upepo haumpati. Mama yake ni Sifu, mwenye nywele za dhahabu. Baba aliyemzaa hajulikani. Aliyemlea ni Thori, mume wa mama yake, mwenye radi.

Thori aliposafiri kupigana na majitu, akaja Dubu. Mlafi huyo alikuwa amewafukuza ndugu zake wote ili ale peke yake. Akajilaza kwenye bonde la kulungu, alikowinda Uli. Akala asubuhi, akala mchana, akala jioni. Kwa Sifu chungu kikabaki kitupu. Uli akaenda kumwambia aondoke.

"Wewe mtoto wa nani?" Dubu akauliza.

Uli akamtaja mama yake.

"Nimeuliza baba."

Uli akanyamaza. Dubu akasema bonde hilo ni la wenye baba, na Uli akaondoka kichwa chini.

Kindi, jirani yake Uli, aliyasikia yote kutoka juu ya msonobari, yakamchoma. Akamkimbilia Uli, akamwambia apande mlimani na mbao zake, kisha akamrudia Dubu.

"Bwana Dubu, umesema kweli, bonde ni la mwenye baba. Hebu mwite wako tumwamkie."

Dubu akanguruma, "Babaaa!"

Mlima ukarudisha, "...babaaa."

"Ameitika," Kindi akasema, "ila yuko mbali. Ongeza sauti."

Dubu akaongeza. Mlima ukarudisha.

"Anakaribia. Ongeza."

Dubu akanguruma kwa tumbo zima. Theluji ya kileleni ikakatika, kwaa! Guruguruguru, pwoo! Ikamzoa Dubu, ikambingirisha mpaka nje ya bonde. Alipochomoza kichwa, Uli alikuwa ameshateremka, kasimama mbele yake, mshale upindeni.

Dubu akauliza ngurumo ile ilikuwa ya nani.

"Ya Thori, baba wa kambo wa Uli," Kindi akajibu. "Amekohoa tu."

Dubu akakimbia, hakuonekana tena.

Thori aliporudi akasimuliwa. Kindi akajificha, maana alilitumia jina la mkubwa bila ruhusa. Lakini Thori alimuuliza Uli tu kwa nini alinyamaza.

"Sikutaka kujipa nisichopewa," Uli akasema.

Thori akamwekea mkono begani mbele ya miungu wote. "Ukiulizwa tena, sema Thori. Na wewe Kindi, hilo neno kambo usilirudie."

Sifu akafuta machozi, akainjika chungu. Uli akainua kichwa, na hakukiinamisha tena.

Mzigo wangu nimeutua hapa, anayeutaka aubebe. Na funzo? Uongo ni mbaya sana, wanangu, msimwige Kindi. Na baba akiwa mbali, mwiteni polepole.