Mbuzi wa Avisa na Mawaridi ya Wafalme

Paukwa!

"Pakawa!"

Nani huyo anayenipigia miayo? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, huko Uingereza kwenye baridi ya kutafuna mifupa, palikuwa na wafalme wawili, mtu na binamu yake, na kiti kimoja tu. Mmoja akisema, "Alikikalia babu yangu!" mwenzake hujibu, "Wangu alikitangulia!" Wakapigana, wakapigana, wakapigana.

Shida ni kwamba askari wao walifanana, lugha moja, kofia za chuma zilezile. Basi wa mfalme huyu wakavaa waridi jekundu kifuani, wa yule jeupe. Ukiona rangi isiyo yako, kata! Na kwa desturi yao, vita havikuanza kabla ya uji. Wakiwa wanakunywa, maua yalilazwa kwenye mabeseni ya maji yasinyauke. Kufa na ua lililonyauka ilikuwa aibu kubwa. Kufa kwenyewe, aa, si neno!

Palikuwa na mjane, Avisa, na wanawe wawili. Hamo alichukuliwa na mfalme wa jekundu, Wati akachukuliwa na wa jeupe. Asubuhi moja majeshi yakakutana shambani kwake. Moyo ukampasuka.

Akaenda kwa mfalme wa kwanza. "Baba, nirudishie Hamo. Wanangu ni wawili, tumbo moja."

"Subiri nishinde!"

Akaenda kwa wa pili. "Baba, nirudishie Wati. Wanangu ni wawili, tumbo moja."

"Subiri nishinde!"

Akarudi zizini, akamwambia mbuzi wake, "Wanangu ni wawili, tumbo moja."

Mbuzi akasema, "Mimi nami nina tumbo moja, na lina njaa. Yale maua kule kwenye mabeseni, matamu?"

Avisa akafuta machozi. "Nenda kayale."

"Mwaka mzima unanichapa kwa ajili ya waridi. Leo hunichapi?"

"Leo ukibakiza hata jani moja, ndipo nitakuchapa!"

Askari wakipuliza uji, mbuzi akala mekundu, akala meupe, akalamba na maji.

Pembe ya vita ikalia. Ua hakuna! Hamo akainua upanga mbele ya mtu mwenye kofia ya chuma. "Sema, wewe wa nani?"

Yule akajibu, "Wa Avisa."

Upanga ukamponyoka Hamo. "Lo! Hata mimi wa Avisa!"

Wengine nao wakaulizana. "Wewe wa nani?" "Wa Mabili, mfuma sufu." "Mabili? Si shangazi yangu huyo! Mguu wake umepona?" Shamba zima likawa salamu na vilio vya furaha. Watu wakarudi makwao, mmoja mmoja.

Wakabaki wafalme wawili.

"Basi tupigane sisi," akasema mmoja.

"Mimi? Na mgongo huu?"

Mbuzi akawatazama vichwani. Kumbe kila taji lilikuwa bado na ua lake! Mara wafalme mbio, matope mpaka magotini, mbuzi nyuma yao.

Avisa akapakua uji bakuli mbili, akakaa akiwatazama wanawe wanakunywa, akawakataza wasimshukuru.

"Mshukuruni mbuzi," akasema, "akirudi."

Hadithi yangu nimeifungia hapo zizini. Wewe wa miayo, kalale, na usisahau wewe ni wa nani.