Kwa Nini Madobi wa Mtaa Wetu Wana Alama za Pasi kwenye Mashati

Mmecheka vya kutosha, sasa nyamazeni. Kila mgeni akifika mtaa huu hucheka hivyo hivyo akimwona dobi ana mabaka ya kahawia kwenye pindo la shati. Ninyi angalau mmeuliza, kwa hiyo nitawajibu.

Kulikuwa na wakati madobi wa hapa walivaa nguo nyeupe pe, toka shingoni hadi magotini. Doa moja kwenye nguo ya dobi lilikuwa aibu ya ukoo mzima. Pasi zilikuwa za mkaa, na joto lake lilipimwa kwa shavu: dobi aliisogeza pasi karibu na uso, akaridhika, ndipo akaishusha kwenye nguo. Aliyewapita wote kwa usafi alikuwa Athumani Kibwana. Jamani, mtu yule alikuwa na maringo! Hakukalia kiti kabla hajakifuta mara tatu.

Ndipo ikaja pasi ya umeme, na Athumani akawa wa kwanza kuinunua. Waya wake ulining'inia kutoka mahali pa taa, na chini ya mshikio palikuwa na kigurudumu chenye maandishi ya kigeni. Muuzaji alimweleza: ukizungusha huku ni joto la hariri, katikati la sufu, mwisho kabisa la pamba. Mtaa mzima ulikuja kukitazama. Kidude kidogo hivyo kinakiambiaje chuma kipoe? Athumani alijibu tu kwamba ni umeme, basi. Toka hapo akaacha kupima kwa shavu.

Wiki ya pili akaingia Hidaya, binti aliyekuwa anaolewa alasiri ya siku hiyo hiyo. Alibeba mtandio wa hariri wa marehemu mama yake. Nyumbani kwao hapakuwa na kitu kingine cha mama kilichobaki, na alitaka kuolewa amejifunika huo, si mwingine.

Athumani alikuwa anamalizia kanzu ya pamba ya bwana harusi. Akazungusha kigurudumu hadi kwenye hariri, akautandaza mtandio, papo hapo akainua pasi.

"Baba, subiri," Hidaya alisema. "Kigurudumu kimegeuka, sawa. Na chuma je, kimeshapata habari?"

"Mwanangu, mimi dobi miaka ishirini!"

"Najua. Basi anza na shati lako."

Lo! Kumwambia Athumani vile! Uso ukamwiva. Lakini alimwona binti ameshika ncha ya mtandio kwa mikono miwili, na haachii. Kwa hasira akavuta pindo la shati lake, jeupe, jipya, akaliweka mezani na kulikandamiza kwa pasi.

Moshi! Alipoinua, alama ilikuwa pale, kahawia, kuanzia ncha ya pasi hadi kisigino chake. Akaiweka pasi kando upesi, maana alijua mtandio ungekuwa mahali pa lile pindo.

Akangoja. Akajaribu pembeni: alama hafifu. Akangoja tena, akajaribu: hakuna kitu. Ndipo akaunyoosha mtandio, na ukatoka salama.

Alasiri Hidaya aliolewa amejifunika hariri ya mama yake, akilia na kucheka. Mke wa Athumani alikuwa amemtolea mumewe shati jingine, safi, lakini yeye akalikataa. Alikwenda harusini na lile lile lililoungua, akapita mbele za watu taratibu. Waliomtania aliwajibu, "Bora langu. Alama hii ingekuwa kwenye mtandio wa mtoto wa watu."

Na tangu siku hiyo, dobi wa mtaa huu huanza na pindo la shati lake kabla hajagusa nguo ya mtu. Pasi za siku hizi zina vitaa vinavyowaka na kuzima, nyingine zinatoa mvuke, lakini pindo bado hutangulia. Na bibi harusi akileta hariri yake, haiachii mkononi mpaka dobi amwonyeshe pindo la shati lake. Akiona shati halina alama hata moja, huchukua nguo yake akaondoka.