Nyumba ya Kiboko Isiyofuka Moshi

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Siwema binti Kidari, jikoni kwake Kondoa, mwaka wa 1974, petroli ilipopanda bei na sisi tukaanza kunywa chai bila sukari. Alikuwa akimenya karanga. Ninaiandika kama alivyoisema, nanyi isikilizeni hivyo hivyo.

Zamani, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na mashine zenye kiu, palikuwa na kijiji kando ya kijito. Nyati alikuwa na mashine ya kusaga unga. Bi Pimbi, mdogo kuliko majirani wote, alikuwa na bustani ya nyanya mlimani na pampu ndogo ya kupandishia maji. Na Kiboko ndiye aliyeuza petroli, yeye peke yake.

Kiboko alipopandisha bei mara ya kwanza, majirani waliacha sukari. Alipopandisha tena, waliacha na chai yenyewe. Nyati naye akaongeza bei ya kusaga, wenye nyumba wakarudi kwenye vinu: twa, twa, twa, kutwa nzima. Mwisho wakapatana wawe wanapika pamoja, kila siku jikoni kwa jirani mmoja, ili kuni na chumvi zitoshe. Nje hawakupika. Ilikuwa mwiko kuwasha moto nje wakati wa kiangazi, kwa sababu ya upepo na nyasi kavu.

Siku moja Kiboko akajipiga tumbo, pwa, akatangaza, "Petroli imekwisha. Ikija nyingine itakuwa ghali zaidi. Msije mkanilaumu mimi."

Mashine ya Nyati ikanyamaza. Pampu ya Bi Pimbi ikanyamaza. Nyanya chache zilikuwa zimeiva, lakini nyingi zilikuwa bado changa, na ndizo alizozitegemea kuwalisha wanawe mpaka mvua. Akachota maji kwa ndoo. Lakini mlima ulikuwa mrefu na miguu yake mifupi. Alipoufikia mche wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umesinyaa tena.

Jioni ile zamu ya kupika ilikuwa kwa Kobe, mzee wa kijiji. Kiboko alifika mapema, akaketi karibu na sufuria.

"Bwana Kiboko," akasema Bi Pimbi, "siku hizi nyumba yako haifuki moshi. Hata taa huwashi."

"Nabana matumizi, mama. Hali ni ngumu kwa wote."

"Hata uji wa asubuhi? Wewe uliyekuwa ukiunywa hadi unatoka jasho?"

"Nakunywa maji baridi. Yanasafisha tumbo."

Nyati akatoa pumzi puani, pfuu. "Tumbo hilo litasafishika lini, jirani, na bakuli hilo sijui ni la ngapi?"

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Pimbi. Alikuwa anawaza. Mtu akiishiwa mafuta hukaa gizani kwa shida. Huyu alikaa gizani kwa hiari, na uji aliupenda kuliko ndugu zake. Nyumba inayoogopa hata kibiriti ina nini ndani?

Alipokuwa anaondoka, Bi Pimbi akaikumbatia ndoo yake na kusema, "Bwana Kiboko, kesho zamu yako. Hatujawahi kupika kwako tangu tuanze."

Kiboko akapaliwa. "Kwangu? Mafiga yangu yamevunjika."

"Tutakuja na yetu."

"Kuni sina."

"Kila mtu anakuja na zake."

"Halafu nina homa, mama. Naisikia inaanza hapa, mgongoni."

"Basi moto utakufaa. Mgonjwa hapendi baridi."

"Si mpike nje tu, uani?"

Kobe akainua kichwa taratibu. "Nje, mwanangu? Kiangazi hiki? Nani alikulea wewe?"



Kesho yake, jua likielekea kuzama, majirani walikwenda kwa Kiboko wakiwa na sufuria na mizigo ya kuni. Kiboko aliujaza mlango wote kwa mwili wake. Nyati alikuwa mbele.

"Tupishe basi, mwenye nyumba. Tuna njaa."

"Ngojeni kidogo. Nafagia."

"Unafagia na umesimama?"

Kwa nyuma alikuja Kobe. Mikononi alikuwa na kigae cha kubebea moto, kimejaa majivu, na kati ya majivu mlionekana wekundu. Alikuja kama anavyokuja Kobe siku zote: hatua, pumziko, hatua, pumziko. Kando yake alikuwa Bi Pimbi, akiinama na kupuliza, fuu, fuu, majivu yakiruka.

"Puliza polepole," Kobe akamwambia. "Usije ukawaka kabla hatujafika."

Macho ya Kiboko hayakuona mbali, lakini wekundu ule aliuona vizuri. Jasho likaanza kumtiririka.

"Mzee Kobe, simama hapo hapo."

"Nikisimama, mwanangu, kuanza tena ni kazi."

Hatua. Pumziko. Fuu, fuu.

"Nasema simama, mzee."

"Nimekaribia."

Kobe alipoinua mguu kukanyaga kizingiti, Kiboko alijitupa chini kifudifudi, puu, akaziba njia. "Toa moto huo! Tutaungua sote! Mapipa yamejaa mpaka chini ya kitanda!"

Sufuria ya mtu ikadondoka, kwangalangala.

"Mapipa ya nini?" Nyati akauliza kwa upole ambao haukumfaa.



Bi Pimbi akatia mkono ndani ya kigae, akatoa kaa moja jekundu, akalipangusa majivu na kuling'ata. Lilikuwa nyanya.

"Hakuna wa kuungua, Bwana Kiboko. Inuka. Moto wenyewe tumeuacha nyumbani kwa Kobe."

Kiboko akainuka, akaitazama nyanya, akaketi tena. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Majirani," akasema, "tangu niyafiche hayo mapipa sijapata usingizi. Panya akikwaruza tu nadhani ni kibiriti. Yatoeni. Nunueni kwa bei ile ya kwanza."

"Ile kabla hatujaacha sukari," Kobe akasisitiza.

"Hiyo hiyo, mzee."

Nyati aliyavingirisha mapipa nje, gudu, gudu, gudu, mpaka kwenye banda lililo mbali na nyumba. Kabla giza halijaingia, pampu ya Bi Pimbi ilinguruma, tuku-tuku-tuku, maji yakapanda mlima na kuingia mitaroni, chwaa. Miche iliyokuwa imeinama ikainuka. Bi Pimbi akaketi kwenye tuta, miguu ndani ya matope, akacheka peke yake.

Kiboko naye aliwasha jiko lake, akapika uji, akaunywa hadi akatoka jasho.

Funzo lake, alisema shangazi, ni kwamba anayeficha kitu ambacho wenzake wanakihitaji ndiye wa kwanza kukosa raha nyumbani kwake.

Kiboko alikufa kwa uzee, na Nyati pia. Bi Pimbi ametangulia, ila bustani wanailima wajukuu. Shangazi Siwema tulimzika Kondoa. Aliye hai ni Kobe, na kigae anacho.