Kanga ya Bi Rukaya

Sogeeni, wanangu, ila msiyapeleke kwa jirani kabla sijamaliza.

Palikuwa na mwanamke, Mwanatumu, aliyeiba kanga ya jirani yake, Bi Rukaya, iliyoanikwa kambani. Ilipotafutwa akamsingizia mkwe wa Bi Rukaya, mkwe akafukuzwa, akarudi kwao. Siku hiyohiyo Zaituni, binti wa Mwanatumu, akawa bubu.

Dawa yake ilikuwa maji ya jini mmoja bibi, aliyekaa kileleni kwenye kile kisiwa kinachoendewa kwa miguu bahari ikipwa. Mwanatumu akajifunga ileile kanga, maana huko nani angemwona? Akavuka, akapanda hadi juu.

“Kinga kanga,” jini akamwambia. “Mtaje mwenyewe, haitavuja. Ya nani?”

“Yangu!” Jini akamimina maji, yakavuja.

“Ya nani, mwanangu?”

“Kanipa shangazi!” Yakavuja, na huko chini bahari ikaanza kurudi.

“Ya nani?”

Mwanatumu akainamisha uso. “Ya Bi Rukaya,” akanong’ona. “Niliiiba.”

Kanga ikashika maji kama sufuria. Akateremka mbio, akavuka bahari ikimfika mapajani.

Nyumbani akakuta majirani wamejaa uani kumtazama mgonjwa, Bi Rukaya mbele. Zaituni akanywa, akakohoa, akapaza sauti: “Mama, si hii kanga ya Bi Rukaya uliyoificha uvunguni?”

Mwanatumu akaikamua, akaikunja, akaitoa kwa mikono miwili, macho chini.

“Na mkwe wangu,” akauliza Bi Rukaya, “naye utanikunjia?”

Jioni ile Mwanatumu alionekana akienda kwa wazazi wa yule mkwe, na sisi wote tukimfuata nyuma.

Hadithi nimeianua, mwenye kanga ya watu akairudishe.