Malimbuko ya Zefania

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi afinywe!

Hapo kale, huko milimani, njaa iliingia nyumbani kwa Zefania, mkewe Nakijwa na mtoto wao wa pekee, Eliamani. Zimwi likamtokea Zefania shambani. "Nitakujazia ghala. Lakini cha kwanza changu, kinachobaki chako."

Zefania alijua malimbuko, yale mazao ya kwanza, hupelekwa madhabahuni. Akawaza: Mungu atangoja, njaa haingoji. Akakubali.

Mahindi yakakomaa, zimwi likaja. "Cha kwanza changu!" Akalikabidhi kikapu cha kwanza. Ng'ombe akazaa. "Cha kwanza changu!" Akalikabidhi ndama. Ghala likafurika, na Zefania akasahau hata njia ya kanisani.

Mara ya tatu zimwi likapita ghala, likapita zizi, likasimama mlangoni, likamnyooshea Eliamani kucha. "Cha kwanza changu."

Zefania akagaagaa chini akilia. "Chukua mahindi! Chukua ng'ombe! Nichukue mimi!"

"Hivyo ndivyo vinavyobaki," zimwi likacheka.

Nakijwa akajitokeza, amemkumbatia mtoto. "Huyu humpati. Siku arobaini zake zilipotimia nilimpeleka madhabahuni, nikamtoa kwa Mungu. Umechelewa."

Zimwi likanguruma, likameza ghala, likameza zizi, likameza nyumba, likatokomea.

Zefania akabaki uwanjani na njaa ileile ya zamani. Akatafuta kitu cha kupeleka kanisani, hata punje, akakosa. Akamweka Eliamani mabegani, akaanza kuitafuta njia.

Hadithi nimeiacha mlangoni mwa kanisa, atakayeingia ataikuta.