Helmeti Isiyo na Ufa

Wahenga waliposema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, walimaanisha kuwa ugonjwa hauponi kwa kufunikwa. Hukomaa pale pale ulipofichwa, na siku ukijitokeza huwa umechelewa kutibika. Methali hii tunaisoma shuleni, tunaiandika kwenye insha, tunapewa alama nzuri, kisha tunaisahau. Anab hataisahau maisha yake yote.

Anab alikuwa beki wa timu ya mpira wa magongo katika shule moja ya bweni ya wasichana mjini Garissa. Nyuma yake, langoni, alisimama Ramlo, shoga yake wa chanda na pete tangu kidato cha kwanza. Ramlo alikuwa mrefu, mwepesi, asiyeogopa kitu, na mabao aliyofungwa msimu ule yalikuwa ya kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Kumpata langoni hakukuwa kazi rahisi. Baba yake, Mzee Warfa, mfugaji wa ngamia kutoka Balambala, aliposikia kwamba binti yake anapigiwa mpira mgumu kama jiwe, alifunga safari hadi shuleni siku hiyo hiyo. Mwalimu Barwaqo, mkufunzi wa timu, akamletea helmeti ya mlinda lango: nyeusi, mpya, yenye wavu wa chuma mbele ya uso, ya kuvaliwa juu ya hijabu bila taabu. Mzee akaigeuzageuza. Kisha akaiweka mezani, akainua bakora yake ya kuchungia, akaigonga mara tatu kwa nguvu zake zote. Walimu walishtuka, lakini helmeti haikupata hata ufa.

"Haya, cheza," akamwambia binti yake. "Lakini siku nitakayosikia umeumia, hata kidole, siku hiyo hiyo utarudi nyumbani, na magongo utayasikia redioni."

Yalikuwa maneno ya mzazi mwenye mapenzi. Ramlo aliyapokea kivyake: kwamba kuumia ni kosa, na kosa hufichwa.

Ramadhani ikaingia katikati ya muhula wa kwanza, msimu wenyewe wa magongo. Siku tisa kabla ya fainali ya kanda, wakiwa mazoezini, mpira uliopigwa na mwenzao Fowsiya ukampata Ramlo ubavuni mwa kichwa. Akaanguka, akakaa kitambo akiutazama mchanga, kisha akainuka. Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu Barwaqo akaja mbio, akamvua helmeti, akaipapasa pande zote, akakuta haina hata mkwaruzo. Akamuuliza kama yuko sawa. Ramlo akasema yuko sawa, mazoezi yakaendelea. Jamani, iliyokaguliwa ni helmeti! Kichwa hakikukaguliwa na mtu.

Jioni hiyo, baada ya futari, Ramlo alitapika tende na sambusa zote alizokula. Mwanga wa darasani ukaanza kumuumiza macho, akawa anasoma amejifunika mtandio. Mara mbili alimwita Anab kwa jina la dada yake. Anab akamshika mkono, akamsihi waende kwa matroni, Bi Arbia. Ramlo akakataa katakata.

"Abaayo, dada yangu, ukimwambia Bi Arbia, atampigia Aabo," akasema. "Kesho baba atakuwa getini na gari. Nisitiri mpaka fainali. Baada ya hapo nitasema mwenyewe, wallahi."

Anab akakubali kumsitiri. Alimpenda shoga yake, lakini tuseme ukweli, kombe pia alilipenda. Bila Ramlo, langoni angesimama Khadijo, na Khadijo mpira ukimjia hufumba macho.

Sasa, anayeijua Garissa anajua jinsi watu wa huku walivyo na chai. Ni chai ya maziwa, ya iliki na sukari tele, tangu alfajiri hadi walale. Ramadhani ikiingia, nusu ya mji huumwa kichwa kwa kuikosa mchana kutwa, na hakuna anayekimbilia hospitali. Watu hutaniana tu, wakingoja adhana. Kwa hiyo Mwalimu Barwaqo alipomkuta Ramlo ameinamia dawati, uso umekunjamana, akauliza ana nini, jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Anab.

"Ni chai, mwalimu. Anakosa chai."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, maana kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikimgonga kwa sababu hiyo hiyo. Akaenda zake.

Fainali ilichezwa saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kina Anab walikuwa wakiongoza kwa bao moja. Zikiwa zimesalia dakika chache, mshambuliaji wa timu pinzani akapenya hadi langoni, wakagongana na Ramlo. Halikuwa gongano la kutisha. Anab alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo na aliona vizuri: goti liligusa helmeti, basi. Refa hakupuliza hata filimbi. Ramlo akasimama, akamgeukia Anab, jua likimwakia usoni.

"Anab," akauliza, "nani amezima taa?"

Kisha akaanguka kifudifudi.

Alilala hospitalini siku tatu bila kufumbua macho. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, akakata roho. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mzee Warfa alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, helmeti mapajani, akiipapasa kutafuta ufa. Mwalimu Barwaqo na Anab walikuwa kando yake. Daktari alipotoka, mzee akamuuliza imekuwaje mtoto afe na kofia ni nzima.

"Mzee, wewe ni mfugaji," daktari akasema. "Ukikitikisa kibuyu cha maziwa, kibuyu huvunjika?"

"La."

"Na maziwa je, hubaki yalivyokuwa?"

Daktari akamweleza taratibu kwamba helmeti hulinda fuvu lisipasuke, huokoa macho na meno, na mlinda lango hafai kusimama bila hiyo. Lakini ubongo haukufungwa kamba humo ndani. Kichwa kikipigwa, hutikisika. Akasema yaelekea ubongo wa Ramlo ulikuwa umeumia kabla ya siku ya mechi. Angepumzishwa wiki kadhaa, huenda angepona. Pigo la pili, ingawa dogo, liliukuta na jeraha bichi, ukavimba. Kisha akauliza kama hakuna aliyeona dalili yoyote. Kuumwa kichwa? Kutapika? Kusahau majina?

Mwalimu Barwaqo akajishika kinywa. Anab akamsogelea Mzee Warfa.

"Nilijua, adeer," akamwambia mzee. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikasema ni chai."

Alingoja bakora, na moyoni aliitamani. Mzee Warfa hakuiinua.

"Ngamia wangu akichechemea, humwona kabla hajafika kisimani," akasema. "Binti yangu nilimwambia akiumia nitamtoa mchezoni. Basi akajifunza kutembea wima mbele yangu."

Akaiweka helmeti sakafuni, akalia kama mtoto.

Ramlo alizikwa alasiri hiyo, katika makaburi yaliyo jirani na shule. Mama yake, aliyekuwa malishoni mbali na simu, alifika kaburi likiwa limeshafukiwa, na sauti yake ilisikika hadi kwenye mabweni. Wasichana walitoka wakasimama uani, na Bi Arbia na walimu pamoja nao, wakaulizana ilikuwaje mtoto afe na helmeti nzima, na Anab akawaeleza yote. Siku hiyo ndipo shule nzima ilipojua alichokijua Anab peke yake kwa siku zote zile. Kombe walilipata, na hadi leo limo ofisini, hakuna anayeligusa. Anab naye hanywi chai tena. Akiulizwa kwa nini, hutoa jibu lile walilotuachia wahenga: mficha maradhi, kilio humuumbua.