Mkanda Mmoja, Ahadi Tatu

Sogeeni karibu, na mwenye mazungumzo yake ayaweke kando kidogo. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila nikikimaliza watu huondoka wakibishana hadi majumbani kwao. Jibu lake mimi sinalo, kwa hiyo baadaye msije mkanishika shati.

Huko Konde, kaskazini ya Pemba, palikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Shaame, mcheza ng'ombe. Mchezo wenyewe mnaujua: dume hufungwa kamba ndefu, wanaume humchokoza kwa kitambaa, na wanawake huimba pembeni. Shaame alikuwa na jicho. Dume kabla hajakurupuka, yeye ameshajua atatokea upande gani.

Wa pili ni Kombo, mkwezi wa minazi. Alikuwa na kilo hamsini, tena akiwa ameshiba, lakini alikuwa na miguu. Akiubana mnazi, upepo ungeutikisa mpaka uchoke wenyewe na Kombo bado yuko juu anachagua madafu.

Wa tatu ni Bi Kazija, mkunga. Huyu alikuwa na sikio. Mweke nje ya mlango asimwone mzazi, asikie pumzi tu, na atakwambia: huyu bado ana nguvu, huyu amechoka, huyu mtoto wake yuko njiani.

Na katikati yao palikuwa na Massoud, mtoto wa kaka yake Bi Kazija, aliyekuwa na kilo mia moja na kumi na sita. Gunia la karafuu alilibeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni. Watu wakamwambia mwili huo usipotee bure, naye akaingia katika ule mchezo wa kupigana ndani ya wavu, ambao ngumi ni halali, teke ni halali, na kukabana chini ni halali. Akapigana mara tano, akapigwa mara tano. Konde wakaanza kumwita nyumba kubwa isiyo na taa. Alikuwa akicheka nao, lakini akifika nyumbani alikuwa anaumia sana.

Ikatokea kwamba bingwa wa uzito wa juu, Lubinza kutoka Kahama, alikuwa anakuja Chake Chake kutetea mkanda wake. Mpinzani aliyepangwa akavunjika mkono. Wakatafuta mzito mwingine visiwani kote, hawakumpata ila Massoud. Chama cha mchezo huo kikamwambia wazi: "Ukipigwa hii ya sita, usirudi tena ulingoni."

Massoud akamwendea Shaame kwanza. Shaame akamsimamisha mbele ya dume jeusi.

"Unatazama wapi?"

"Pembe, ami."

"Pembe hazikwambii kitu. Tazama kwato za mbele. Hawezi kuja bila ya kukanyaga."

Siku nane Massoud alikimbizwa huku wanawake wakimtungia nyimbo ambazo siwezi kuzirudia hapa. Siku ya tisa alimpisha dume kwa hatua moja tu. Kisha wakakaa na simu, wakatazama mapambano ya Lubinza, na Shaame akapiga kofi paja lake. "Kumbe na huyu ana kwato! Kila akitaka kutupa ngumi ya kulia, kisigino cha kushoto kinanyanyuka." Massoud alitazama mara tatu, akakiona. Furaha ikamjaa, akasema, "Ami Shaame, nikishinda, mkanda ni wako. Wallahi."

Kutoka hapo akamwendea Kombo, maana kila akiangushwa chini alikuwa anachezewa kama gogo. Kombo akamwonyesha mnazi. Massoud akapanda urefu wa mkono mmoja, akateleza, na ngozi ya kifua ikabaki mtini.

"Unashika kwa mikono," Kombo akasema. "Mikono ni ya kushika kisu, yakhe. Mti unashikwa kwa miguu."

Kila asubuhi Massoud alining'inia palepale pa chini, akabana mpaka mapaja yakatetemeka. Wapita njia walidhani amekwama. Mwezi ulipotimia, Kombo alimfunga kamba kiunoni, akaita vijana wanne wavute, na Massoud hakubanduka. Aliposhuka alimkumbatia Kombo hadi akamnyanyua. "Sahibu yangu, nikishinda, mkanda ni wako."

Ikabaki pumzi. Nguvu zote za Massoud zilikuwa zinaisha dakika za mwanzo, na jioni moja alilala mkekani kwa shangazi yake akikandwa mgongo. Bi Kazija akamsikiliza, akatikisa kichwa.

"Wewe unasukuma muda wote. Mzazi akisukuma muda wote, uchungu wenyewe ukija hana kitu. Ngoja. Vuta. Achia. Nikikwambia bado, ni bado."

Akamfunza kama alivyofunza nusu ya wanawake wa Konde, mkono wake tumboni mwa Massoud, na Massoud kwa mara ya kwanza akahisi kwamba mwili ule mkubwa unamsikiliza. Machozi yakamlenga. "Shangazi, nikishinda, mkanda ni wako."

Msimwone mwongo. Kila alipotamka alimaanisha. Lakini mtu aliyepigwa mara tano haufikirii mkanda kama kitu kitakachofika mkononi, na kwa hiyo aliugawa kirahisi, kwa watu watatu, bila ya kumwambia yeyote habari za mwenziwe.

Siku ikafika, saa tisa alasiri, uwanja umejaa. Wote watatu walikaa kwenye kona yake, Bi Kazija na buibui lake, watu wakimcheka. Raundi ya kwanza Lubinza akaja na ngumi ile iliyowalaza watu tisa. Massoud akatazama kisigino. Kikanyanyuka, akapisha. Kikanyanyuka tena, akapisha. Ngumi moja ilimpita sikioni akausikia upepo wake. Shaame alikuwa amesimama juu ya kiti.

Raundi ya pili Lubinza akaacha ngumi, akamrukia, akamwangusha, akawa juu yake. Hapo ndipo Massoud alipokuwa akimalizwa siku zote. Safari hii akafunga miguu kiunoni mwa Lubinza, akabana. Lubinza akajitupa huku, akajitupa kule, hakupata nafasi ya kuinuka wala ya kupiga. "Mnazi! Mnazi huo!" Kombo alipiga kelele, mpaka kengele ikalia.

Raundi ya tatu wote wawili walikuwa hoi. Lubinza akamgandamiza Massoud kwenye wavu, kwenye kona yake yenyewe, hatua moja kutoka kwa Bi Kazija. Massoud akataka kujirusha kwa nguvu zake za mwisho.

"Bado!" akasema Bi Kazija.

Massoud akavuta pumzi.

"Bado!"

Uwanja mzima ukawa unapiga kelele, na Bi Kazija ametega sikio kwa pumzi ya Lubinza. Ghafla pumzi ile ikakatika katikati, na Bi Kazija akafoka kama anavyofoka akizalisha: "Sasa, mwanangu! Sukuma!"

Massoud akasukuma. Lubinza akaenda chini chali, ngumi tatu zikamfuata, na mwamuzi akajitupa katikati yao. Nyumba kubwa ikawaka taa, na Massoud alilia mbele ya watu wote wala hakuona haya.

Kesho yake asubuhi Bi Kazija alipika chapati na chai ya tangawizi, wakakaa ukumbini. Shaame akaanza kwa furaha: "Mie msumari nishaupiga ukutani."

"Msumari wa nini?" Kombo akauliza. "Mie nishamwambia baba mkwe aje kuutazama mkanda kwangu. Yule asemaye mkwezi si mtu."

Bi Kazija akaweka birika chini. "Na mie nimeshapanga pa kuutundika, chumba cha kuzalishia. Mwenye uchungu akiuona ajue kuwa pumzi inashinda."

Wote watatu wakamgeukia Massoud.

"Bila ya mie," Shaame akasema, "raundi ya pili usingeiona."

"Na bila ya mie," Kombo akasema, "ya tatu ungeiona ukiwa kitandani."

"Nyinyi mlimzuia asipigwe," akasema Bi Kazija. "Nani aliyempa ushindi? Lakini Massoud, mie shangazi yako, usinipe kwa udugu. Nipe kama ni wangu."

Massoud akasema labda wazungushe, kila mtu mwezi mmoja. Shaame akakataa: "Mkanda si kinu cha kuazimana." Massoud akasema labda abaki nao mwenyewe, maana vilivyopigwa ni ubavu wake na pua yake. Hapo wote watatu wakarudia chai yao, na hilo lilimwuma kuliko ngumi za Lubinza.

Simu ikalia. Ilikuwa chama: Lubinza anataka marudiano, miezi mitatu ijayo, na Massoud lazima akubali. Akaweka simu chini, akawatazama mmoja mmoja. Alijua raundi ni tatu, na kila moja ina mtu wake. Alijua pia kwamba atakaowanyima hawatagombana naye. Watamalizia chai, watamuaga vizuri, na siku ya marudiano kwenye kona yake hawatakuwepo.

"Wallahi uliapa," Shaame akasema kwa sauti ya chini.

"Na kila mmoja ulimwahidi," akasema Bi Kazija.

Massoud akauchukua mkanda kwa mikono miwili, akasimama, akafungua kinywa.

Nami nafunga changu hapohapo. Kuna jicho lililomwokoa, kuna miguu iliyomshikilia, kuna sikio lililomwambia sasa, na kuna mwili uliopokea kipigo chote. Usiniambie wote, mkanda ni mmoja, na Lubinza yuko njiani anarudi. Haya, wewe uliyekaa hapo kimya tangu mwanzo: ungempa nani, na ungeingiaje ulingoni bila ya wale uliowanyima?